Sanaa za mapigano: tumewapeleka watoto, tukajisahau wenyewe

Michezo ya Olimpiki ya Vijana iliyopangiwa jiji la Dakar kuanzia 31 Oktoba hadi 13 Novemba 2026 ni mashindano ya kwanza ya Olimpiki kupangwa kufanyika katika ardhi ya Afrika. Miongoni mwa michezo ya kushindania medali imo judo, taekwondo, ndondi, mieleka ya ufukweni na wushu, yaani sanaa ya mapigano ya Kichina, hii ya mwisho ikiingia kwenye orodha rasmi kwa mara ya kwanza. Karate nayo imepewa nafasi, ingawa ni ya maonyesho na mafunzo bila medali. Kwa wapenzi wa michezo hii jijini Nairobi hiyo ni habari njema, na si ajabu kwamba mazungumzo mengi yamehusu vipaji: mtoto yupi aandaliwe, aanze akiwa na umri gani, na je, anaweza kufuata nyayo za Faith Ogallo, aliyeiwakilisha Kenya katika taekwondo kwenye Olimpiki ya Tokyo? Hata hivyo, ndani ya mazungumzo hayo imejificha tafsiri ambayo sikubaliani nayo, kwamba sanaa za mapigano ni shughuli ya utotoni na ujanani, ambayo mtu huianza mapema akibahatika, huiacha apatapo kazi au ndoa, kisha huikumbuka kupitia picha za zamani.

Tafsiri ya pili inatoka upande mwingine kabisa. Baada ya maelfu ya watu kuandamana Nairobi na katika miji mingine mnamo 27 Januari 2024 kupinga mauaji ya wanawake, haja ya wanawake kujifunza kujihami ilizungumzwa kwa uzito uliostahili, na matangazo ya mafunzo ya aina hiyo yakawa jambo la kawaida mitandaoni na hata maofisini. Mengi ya mafunzo hayo ni ya siku moja: Jumamosi asubuhi, mbinu kadhaa za kujinasua mtu akikukaba shingo, picha ya pamoja, na cheti. Hapa sanaa ya mapigano imegeuzwa kuwa dawa ya dharura, kitu cha kununuliwa mara moja na kuwekwa kwenye mkoba.

Hoja yangu ni kwamba tafsiri zote mbili zinapita kando ya kilicho kikubwa zaidi. Faida za kudumu za sanaa hizi zimo katika mwili uliojifunza kusimama na kuanguka, na katika akili iliyozoea kusahihishwa na kushindwa bila kukata tamaa. Faida hizo hazipungui umri unaposonga. Kwa upande wa mwili, ushahidi tulio nao unaonyesha kwamba thamani yake huongezeka. Anayezihitaji zaidi, kwa hiyo, ni yule mzazi wa miaka 45 anayemleta mtoto mazoezini kisha akaketi ndani ya gari akichezea simu hadi saa iishe, na baada yake ni mama yake mzazi mwenye miaka 65 ambaye hakuna aliyewahi kumfikiria.

Historia yenyewe inaunga mkono mtazamo huu kuliko tunavyodhani. Kano Jigoro, aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, alikuwa mwalimu kwa taaluma, na aliunda mfumo wake kutokana na mbinu za zamani za jujutsu akiwa na nia ya wazi ya kielimu: mwanafunzi atumie nguvu zake kwa njia yenye tija kubwa, na yeye na mwenzake wafaidike pamoja. Funakoshi Gichin, naye mwalimu wa shule kutoka Okinawa, alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka 50 alipoionyesha karate Tokyo mwaka 1922 na kuanza kazi iliyoieneza duniani. Fukuda Keiko alianza judo mwaka 1935 chini ya Kano mwenyewe, akahamia Marekani, na aliendelea kufundisha San Francisco hata alipovuka miaka 90. Alipofariki mwaka 2013 alikuwa na miaka 99 na dan (ngazi ya mkanda mweusi) ya 10, daraja ambalo kabla yake hakuna mwanamke aliyekuwa amelifikia katika judo. Hata ile mikanda ya rangi inayowafanya watoto wetu wakeshe wakingoja siku ya kupandishwa daraja haikuwa sehemu ya msingi wa awali. Kano alikuwa na mkanda mweupe na mweusi kwa watu wazima, na ngazi za rangi zikaenea baadaye huko Ulaya, hasa Ufaransa katika miaka ya 1930, kwa kuwa wanafunzi wa huko walihitaji kuonyeshwa kwamba wanasonga mbele. Kwa maneno mengine, sehemu tunayoiona kuwa kiini cha mchezo ni kichocheo kilichoongezwa njiani.

Kwetu sisi picha ilipotoka mapema. Kizazi kilichokua Nairobi katika miaka ya 1980 na 1990 kilizijua sanaa hizi kwanza kupitia kumbi za video na mabango ya Bruce Lee, ambako shujaa ni kijana asiye na tumbo, asiye na mkopo na asiye na maumivu ya mgongo. Ni vigumu kwa mtu aliyelelewa na picha hiyo kujiona mwenyewe, akiwa na kitambi na miwani, amesimama pekupeku kwenye mkeka. Inafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba ukanda huu wenyewe una michezo ya mapigano ambayo haikumtenga mtu mzima. Kirumbizi cha Lamu, ule mchezo wa fimbo unaochezwa kwa ngoma wakati wa harusi na Maulidi, huwaingiza uwanjani wanaume wa rika mbalimbali, na umahiri wake unapimwa kwa wepesi wa jicho na utulivu kuliko kwa ukubwa wa misuli.

Nianze na mwili, kwa sababu ndipo ushahidi ulipo imara zaidi. Uwezo wa kusimama bila kuyumba hutegemea taarifa kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na hisia zilizomo kwenye misuli na viungo zinazouambia ubongo mguu uko wapi hata pasipo kuutazama. Zote tatu hudhoofika umri unapoendelea. Misuli pia hupungua, na inayopungua kwa kasi zaidi ni ile nyuzi ya haraka, inayohitajika pale mtu anapojikwaa na kulazimika kupiga hatua ya ghafla ili asianguke. Mwanakijiji mwenye shamba la mteremko huufanyisha kazi mfumo huu kila siku bila kuuita mazoezi. Mkazi wa Nairobi anayeketi kwenye matatu, kisha ofisini, kisha kwenye matatu tena, huuacha ulale hadi siku anapotakiwa kushuka kwenye gari ambalo makanga hajaruhusu lisimame vizuri, au kukwepa mtaro ambao kifuniko chake kimeibwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kutokana na kuanguka, na vifo vingi zaidi ni vya watu waliopita umri wa miaka 60. Ndiyo maana miongozo ya shirika hilo ya mwaka 2020 haikutosheka na dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Iliwataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye pia mazoezi ya mizani, yaani ya kusimama bila kuyumba, na ya nguvu, angalau siku tatu kwa wiki.

Sasa tazama kinachofanyika katika darasa la kawaida la karate, taekwondo au tai chi, ile sanaa ya Kichina ya mwendo wa polepole. Mwanafunzi anahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine mamia ya mara, anageuka akiwa amepinda magoti, anasimama kwa mguu mmoja huku mwingine ukiwa hewani, anarudi nyuma bila kutazama, na anafanya yote hayo huku akili imeshughulika na jambo jingine, yaani mpangilio wa mbinu au mwendo wa mwenzake. Utafiti uliofanywa Oregon, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2018, uliwagawa watu 670 wenye umri wa miaka 70 na zaidi ambao tayari walikuwa katika hatari ya kuanguka. Waliofundishwa aina ya tai chi iliyorekebishwa kwa tiba walianguka mara chache kwa asilimia 58 kuliko waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu, na kwa asilimia 31 kuliko waliofanya mchanganyiko wa mazoezi ya nguvu, pumzi na mizani. Linalonivutia zaidi ni ule ulinganisho wa pili, kwa kuwa unakataa jibu rahisi kwamba mwendo wowote ule ungetosha.

Judo inaongeza jambo ambalo mazoezi mengi hayathubutu kuligusa, nalo ni kuanguka kwenyewe. Somo la kwanza la judo, kabla ya mtu kufundishwa kumrusha mwenzake, ni kushika kidevu kifuani, kuviringisha mgongo, na kuusambaza mshtuko kwa mkono unaopiga mkeka badala ya kuunyoosha mkono ule uvunjike kwenye kifundo. Watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walipima mbinu za kuanguka zilizochukuliwa kutoka sanaa za mapigano na kugundua kwamba hupunguza nguvu ya pigo kwenye nyonga mtu anapoangukia ubavu, na mpango wao wa mazoezi kwa wazee uliojumuisha mbinu hizo ulipunguza idadi ya maanguko kwa asilimia 46. Mfupa wa nyonga uliovunjika katika umri wa miaka 70 humaanisha upasuaji, miezi ya kutegemea wengine, na mara nyingi hofu ya kutembea ambayo huongeza udhaifu. Familia yoyote iliyopitia hayo jijini humu, kabla au baada ya bima ya taifa kuhamia Mamlaka ya Afya ya Jamii mnamo Oktoba 2024, inajua kwamba gharama ya hospitali ni mwanzo tu wa gharama.

Upande wa akili unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hapa ndipo wenye vilabu huahidi kupita kiasi. Wanasema karate huleta nidhamu, kana kwamba nidhamu imeshonwa ndani ya sare. Kuna utafiti mzuri wa mwaka 2004 nchini Marekani ambapo watoto wa shule waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapata taekwondo na wengine elimu ya viungo ya kawaida. Baada ya miezi mitatu wale wa taekwondo walikuwa wameboreka zaidi katika kujizuia, tabia darasani na kushirikiana na wenzao. Huo unahusu watoto. Kuhusu watu wazima, naona hoja yenye nguvu zaidi haitoki kwenye vipimo. Inatoka kwenye hali ya maisha yao. Mtu wa miaka 45 aliyefanikiwa kiasi katika jiji hili ana wasaidizi, ana cheo, ana watu wanaomwita mkubwa, na huenda imepita miaka kumi bila yeyote kumwambia kwamba anafanya jambo vibaya na alirudie. Mkekani anakuwa wa mwisho kwenye mstari. Anayemsahihisha anaweza kuwa kijana wa miaka 24 aliyeshuka kwenye bodaboda muda mfupi uliopita, ambaye nje ya ukumbi humwamkia shikamoo, na ndani humwambia, "Mzee, magoti hayajapinda, anza upya." Mzee huyo anaanza upya.

Wapo wanaoona kwamba mpangilio huo unavunja heshima ya umri tuliyolelewa nayo. Nimewahi kumwona mtu mzima akiondoka darasani kwa hasira kwa sababu hiyo hiyo. Lakini ukitazama kwa makini, heshima haikuvunjwa. Ilipewa kanuni nyingine inayojulikana na wote. Kijana humwinamia mzee kabla na baada ya zoezi, mzee humwinamia kijana, na anayejua zaidi hulazimika kumlinda asiyejua, kwa kuwa yeye ndiye mwenye uwezo wa kumuumiza. Ni katika nafasi chache sana Nairobi ambapo wakili, fundi wa magari, muuguzi na mwanafunzi hukutana wakiwa wamevaa nguo zile zile na wakishikana mashati bila uadui. Upweke wa watu wazima mjini, hasa wanaume waliozoea kuzungumza na wenzao baani tu, ni tatizo halisi, na darasa linalokutana mara mbili kwa wiki kwa miaka mingi hulitibu kwa njia ambayo mashine ya kukimbilia kwenye jimu haiwezi.

Kuna pia suala la kushindwa. Katika judo au mieleka huwezi kujidanganya, kwa kuwa ulirushwa ama hukurushwa. Anayefanya mazoezi haya kwa muda mrefu hushindwa mara nyingi mbele ya watu, huinuka, hurekebisha, na hushindwa tena kwa namna iliyo bora kidogo. Sidai kwamba uzoefu huo huhamia moja kwa moja kwenye biashara au ndoa. Nadai tu kwamba mtu mzima hana mahali pengi pa kuupatia, na kwamba kuukosa kabisa kuna madhara yanayoonekana kirahisi katika mikutano ya wakazi wa mitaa yetu.

Nirudi kwenye kujihami, kwa sababu singependa ieleweke kwamba nayadharau mahitaji ya wanawake wa jiji hili. Ushahidi bora kuhusu suala hilo umetoka hapa hapa. Mwaka 2014 jarida la Pediatrics lilichapisha matokeo ya mpango uliowafundisha wasichana katika mitaa duni ya Nairobi kwa vipindi vya saa mbili katika wiki sita, na vipindi vya kukumbushia baadaye. Kiwango cha kushambuliwa kingono kilishuka kutoka 17.9 hadi 11.1 kwa kila wasichana 100 kwa mwaka, ilhali katika kundi la kulinganisha hakikubadilika, na zaidi ya nusu ya waliofundishwa walisema waliutumia ujuzi huo kuzuia shambulio. Takwimu hizo zinategemea maelezo ya wasichana wenyewe, na hilo ni jambo la kuzingatia. Lakini muhimu kwa hoja yangu ni kwamba mpango huo haukuwa wa siku moja, na sehemu kubwa ya mafunzo ilikuwa sauti, msimamo, na kutambua hatari mapema, kwa kuwa mshambuliaji mara nyingi ni mtu anayefahamika, wakati mwingine mpenzi. Ujuzi wa aina hiyo hujengwa kwa kurudiarudia hadi mwili uutoe bila kuombwa. Darasa la Jumamosi moja linaweza kumwamsha mtu aanze safari. Likimfanya aamini kwamba amefika, limemweka katika hatari kubwa zaidi.

Upinzani dhidi ya hoja yangu si mdogo, na baadhi yake ninauheshimu. Ulio mzito zaidi unahusu majeraha. Nchini Japani, kati ya mwaka 1983 na mwanzoni mwa muongo uliopita, zaidi ya wanafunzi 100 walikufa wakifanya judo shuleni, wengi wao kwa majeraha ya kichwa, na wengi wakiwa wanafunzi wapya waliorushwa kabla hawajajua kuanguka. Hiyo ndiyo nchi iliyouzaa mchezo huo. Ndondi nayo ina deni lake: Robert Wangila, aliyeipa Kenya dhahabu Seoul mwaka 1988, alifariki mwaka 1994 baada ya pambano la kulipwa Las Vegas. Asiyetaka kuyataja mambo haya asiandike kuhusu faida. Lakini ukiyachunguza, yanaonyesha hatari iko wapi: katika mapigo ya kichwa yanayorudiwa, na katika mwalimu anayemharakisha anayeanza. Vifo vya judo shuleni Japani vilipungua sana baada ya umma kupaza sauti na miongozo ya usalama kukazwa. Mtu wa miaka 50 anayeanza leo hana sababu yoyote ya kupigwa kichwani, na mwalimu anayesisitiza kwamba bila hivyo si mazoezi halisi amejitambulisha mwenyewe.

Upinzani wa pili unasema sanaa hizi huzalisha ukatili. Haupaswi kupuuzwa pia, kwa kuwa utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2005 uliwafuatilia wavulana waliojiunga na ndondi, mieleka, kunyanyua vyuma na sanaa za mapigano za Mashariki, na ukakuta tabia zao mbaya nje ya mchezo zikiongezeka. Upande wa pili kuna utafiti mdogo lakini wenye mafunzo mengi uliofanywa Marekani mwaka 1986 kwa vijana 34 waliokuwa wameelekea kwenye uhalifu. Kundi moja lilifundishwa taekwondo ya jadi, pamoja na kutafakari, heshima na falsafa yake. Jingine likafundishwa mapigano tu, bila hayo. Baada ya miezi sita, ukali ulipungua katika kundi la kwanza na kuongezeka katika la pili. Mateke yalikuwa karibu yale yale. Vijana 34 ni wachache, na nisingejenga sera ya taifa juu yao peke yao, lakini tafiti hizi mbili zikisomwa pamoja zinatuambia kwamba swali la iwapo karate ni nzuri au mbaya halina jibu mpaka tumjue anayefundisha na namna anavyofundisha.

Upinzani wa tatu ni wa mfuko: kutembea ni bure, bustani ya City Park ipo, kwa nini mtu alipe ada ya kila mwezi, sare na mtihani wa mkanda? Kwa anayetembea kila siku, anayelima au anayecheza ngoma mara kwa mara, nakubali kwamba nyongeza ni ndogo kuliko wenye vilabu wanavyodai. Pia ni haki kusema kwamba tafiti nyingi bora kuhusu wazee zimefanywa kwa tai chi, na si sahihi kuyahamishia matokeo yake yote kwenye taekwondo au karate. Hata hivyo kutembea kwenye njia iliyonyooka hakumfundishi mtu kugeuka, kurudi nyuma, kushika na kusukumwa, wala hakumpi mtu wa kumuuliza wiki ijayo kwa nini hakuja. Kuhusu mitihani ya mikanda iliyogeuzwa biashara sina utetezi. Ipo, na mzazi ana haki ya kuikataa.

Uliobaki ni ule ninaouona dhaifu kuliko zote, nao husikika sana kwenye jumuiya za makanisa na hata misikitini: kwamba kuinama mbele ya mwalimu, kufumba macho na kupumua ni ibada ya kigeni iliyofichwa ndani ya mazoezi. Kama hoja hiyo ingekuwa kweli, ingekuwa vigumu kueleza namna Feryal Abdelaziz, Mwislamu wa Misri, alivyotwaa dhahabu ya karate Olimpiki ya Tokyo bila mtu wa dini yake kumwona ameasi, au kwa nini madarasa mengi ya Nairobi hufanyika katika kumbi za makanisa yenyewe. Kuinama mkekani ni kusalimu na kuomba radhi mapema kwa maumivu yanayoweza kutokea. Asiyestareheka na kufumba macho anaweza kuketi akiwa ameyafumbua, na hakuna pigo litakaloharibika. Ndugu wa karibu wa hoja hiyo ni ule usemi kwamba umri umekwisha pita, ambao watu wa miaka 38 huutamka kwa huzuni ya kweli. Utafiti wa Oregon ulianza na watu wa miaka 70.

Mambo haya yakikubaliwa, hata kwa nusu tu, yanabadilisha mengi katika namna tunavyoendesha michezo hii. Vilabu vya jijini vimejipanga kuzunguka ratiba ya shule: alasiri na Jumamosi asubuhi, darasa la watoto kwanza, kisha vijana wa mashindano, na mtu mzima anayeanza akitupwa kati ya hao wa mwisho hadi aumie goti na kutoweka. Darasa la wazazi sambamba na la watoto, katika ukumbi ule ule au uwanja wa nje, lingetumia saa ambayo tayari imelipiwa kwa mafuta na subira. Kumbi za kijamii za Kaunti ya Nairobi, kama ule wa Kaloleni ambao umelea mabondia kwa miongo mingi, zinaweza kufunguliwa asubuhi za katikati ya wiki kwa wazee wa mtaa. Sensa ya 2019 ilihesabu takribani watu milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi nchini, na Ibara ya 57 ya Katiba inataja haki yao ya kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii na kujiendeleza. Tunapoizungumzia ibara hiyo huwa tunafikiria posho ya fedha, na posho ni lazima. Lakini kujiendeleza hakuishii kwenye simu inayopokea pesa.

Mashirikisho nayo yanapimwa kwa medali, kwa hiyo hupeleka nguvu zao kwa wenye miaka 15 hadi 25. Siwalaumu, maana ndivyo fedha zinavyokuja. Hata hivyo kigezo cha mwalimu bora kinapaswa kuongezwa swali moja ambalo kwa sasa haliulizwi: wanafunzi wake wa miaka mitano iliyopita wangapi bado wako mkekani? Mwalimu anayewabakiza watu wazima kwa miaka mingi bila kuwavunja anajua jambo ambalo mwalimu wa mabingwa huenda halijui, na mafunzo ya makocha yangefaidika kwa kumsikiliza. Huduma ya kwanza, dalili za mtikisiko wa ubongo, na namna ya kurekebisha mbinu kwa goti bovu au shinikizo la damu yangekuwa masomo ya lazima kabla ya mtu kuruhusiwa kufungua ukumbi.

Kwa msomaji aliyepita miaka 40 anayefikiria kujaribu, jina la mtindo lisimsumbue sana. Amwone daktari kwanza akiwa na ugonjwa wa moyo au mifupa, kisha aende atazame darasa zima akiwa amekaa pembeni. Aangalie kama wanaoanza wanafundishwa kuanguka kabla ya kurushwa, kama kuna mtu mwingine mwenye mvi, na kama mwalimu anawajua wanafunzi wake kwa majina na kwa majeraha yao. Amuulize iwapo inawezekana kufanya mazoezi kwa miaka bila kuingia mashindanoni wala kupigana kwa nguvu kamili. Akijibiwa kwamba hapa hatubembelezi watu, amshukuru mwalimu huyo na aende ukumbi mwingine.